Kent kwa treni: ngome, makanisa, chaza na chapati za bure (uzi kwa walioko Uingereza na wanaokuja kutembea)

Mkazi wa Medway (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila majira ya joto yakikaribia napata ujumbe uleule: "Kaka, nakuja London, Big Ben nimeshaiona, nina siku moja au mbili za kutoka nje ya mji, niende wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Jibu langu ni Kent, kaunti ya kusini mashariki mwa London inayotazamana na Ufaransa. Wenyewe wanaiita Bustani ya Uingereza kwa ajili ya matufaha, cheri na mashamba ya hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Wengi wetu tunaijua kama njia ya kupita tu, basi linakupeleka Dover, unapanda meli, kwaheri.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: Kent, vile vinavyotangazwa sana ndivyo vyenye kiingilio kikubwa, na si ndivyo vyenye mambo. Ukitumia miguu, treni na basi, sehemu kubwa ya urithi wa huku utauona bure au karibu na bure, na hela ikabaki ya kula.

Anzia Rochester. Treni za kasi zinatoka kituo cha St Pancras, London, chini ya saa moja umefika. Ukishuka utaona mnara mkubwa wa mawe kando ya Mto Medway, hiyo ndiyo ngome. Bustani yake ni bure, kupanda mnara unalipia. Hata kama hupandi, zunguka nje uhesabu kona. Tatu ni za mraba, moja ni ya duara. Sababu yake ni hii: mwaka 1215 Mfalme John alikuwa na ugomvi na mabwana wake wakubwa, ugomvi uleule uliozaa Magna Carta, ule mkataba wa kubana madaraka ya mfalme, na waasi wakajifungia humu ndani. Mfalme akaleta wachimbaji, wakachimba chini ya kona ya mnara na kuitegemeza kwa magogo. Kisha akaandika barua aletewe nguruwe 40, wanono kabisa, wale wasiofaa kwa kuliwa. Mafuta yao yakawashiwa moto chini ya ardhi, magogo yakaungua, kona yote ikaporomoka. Na waasi hawakutoka! Walihamia nyuma ya ukuta unaoligawa jengo katikati, wakaendelea kupigana mpaka njaa ikawashinda. Kona ilipojengwa upya, ikajengwa ya duara.

Ukitoka hapo ingia kanisa kuu la Rochester, lilianzishwa mwaka 604 na kuingia ni bure. Halafu shuka High Street utafute Nyumba ya Wasafiri Maskini Sita. Richard Watts, aliyekuwa mbunge wa mji huu na kufariki 1579, aliacha wosia kwamba kila usiku wasafiri maskini sita walale hapo bure, wale, na asubuhi kila mmoja apewe senti nne za zamani. Sharti limeandikwa ukutani mpaka leo: msafiri asiwe tapeli. Utaratibu huo ulidumu mpaka 1940. Vyumba vya kulala vipo nyuma, vidogo, kila kimoja na kitanda chake. Kwa sisi tuliofika nchi hii na begi moja na namba ya simu ya binamu ambaye hapokei, ile nyumba inagusa.

Naendelea na Canterbury baadaye, niko zamu.

Chausiku87

Naweka mkeka hapa. Lakini kaka, picha?

Mwanakwaya wa Muheza

Asante kwa uzi mkuu. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, babu yangu alibatizwa na wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana, na tangu utotoni nasikia Askofu Mkuu wa Canterbury. Nilipoangalia tovuti ya kanisa kuu nikakuta kiingilio cha watalii si mchezo. Yaani nyumba ya baba nalipia?

Mkazi wa Medway

Picha nitapandisha, Chausiku, simu imejaa.

Mwanakwaya, hulipi ukienda kusali. Kila siku jioni kuna ibada ya nyimbo, Evensong, unaingia bure na unasikiliza kwaya ya kiwango cha juu kabisa. Mweleze mhudumu wa mlangoni kwamba umekuja kwa ibada, watakuelekeza. Ila ibada si ziara, hutaruhusiwa kuzurura huku na huku. Ukitaka kuona kila pembe, kata tiketi uende asubuhi na mapema, tenga nusu siku.

Cha kuona ndani: mahali alipouawa Askofu Mkuu Thomas Becket tarehe 29 Desemba 1170, na wapiganaji wanne (knights) wa Mfalme Henry II walioamini wanamfurahisha bwana wao. Pale ukutani leo zimening'inizwa panga za chuma, na kivuli chake kinafanya panga zionekane nyingi kuliko zilivyo. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II na Askofu Mkuu Robert Runcie walipiga magoti hapo pamoja. Kisha fuata ngazi za mawe kwenda juu, mahali palipokuwa na kaburi la Becket. Tazama unapokanyaga. Kila daraja limebonyea, kwa sababu mahujaji walizipanda kwa karne nyingi, wengi kwa magoti. Huko juu kaburi hakuna, Henry VIII aliliamuru livunjwe mwaka 1538, utaona sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka.

Sasa jambo ambalo watalii wengi wanalikosa. Canterbury ina maeneo matatu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1988: kanisa kuu, magofu ya abasia (nyumba ya watawa) ya Mtakatifu Augustino, na kanisa dogo la Mtakatifu Martin. La tatu ndilo ninalolipenda. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka katikati ya mji, juu ya kilima, katikati ya makaburi. Malkia Bertha, Mkristo kutoka kwa Wafranki, watu wa Ufaransa ya kale, alikuwa akisali hapo wakati mumewe, Mfalme Ethelbert wa Kent, bado hajabatizwa. Augustino alipofika na watawa wake kutoka Roma mwaka 597, alikuta tayari pana mahali pa kusalia. Katika kuta zake kuna matofali mekundu ya Warumi, membamba kama vigae, yamepangwa katikati ya mawe, na unaweza kuyagusa kwa mkono. Ibada zinaendelea mpaka leo. Angalia siku za kufunguliwa kabla hujaenda, maana linatunzwa na watu wa kujitolea.

Mwanakwaya wa Muheza

Ubarikiwe. Hilo la Bertha sikuwahi kulisikia, mahubiri yote huwa ni Augustino, Augustino.

Nyali Boy

Historia tumeskia bwana. Mimi ni mtu wa Mombasa, nauliza tumbo. Huko watu wanakula nini, na mtu wa halali ataponea wapi?

Mkazi wa Medway

Nyali Boy umeniwahi, hapa ndipo penyewe.

Whitstable kwanza. Ni mji wa wavuvi, treni inafika, na ukiwa na nguvu unaweza kutoka Canterbury kwa baiskeli au miguu kupitia njia ya Crab and Winkle, kama kilomita 12, ukifuata sehemu kubwa ya njia ya reli iliyofunguliwa Mei 1830, miongoni mwa reli za kwanza duniani kubeba abiria. Mji huu sifa yake ni chaza. Wako wa aina mbili. Yule wa asili ya hapa ana gamba la duara, bapa, anakua polepole na huliwa kuanzia Septemba mpaka Aprili, kwa sababu majira ya joto anazaa. Yule wa Pasifiki ana gamba refu lenye makunyanzi na anapatikana mwaka mzima. Ukija Julai ukauziwa chaza, jua ni huyo wa pili, usilipe bei ya wa kwanza.

Nenda bandarini ukamwangalie muuzaji. Anamshika chaza kwa kitambaa, ncha ya kisu kifupi anaichomeka pale makombe mawili yanapokutana, anazungusha kiganja mara moja tu, kak! Anakata msuli ulioshikilia chini, anakukabidhi kombe na maji yake ya bahari, limau pembeni. Unameza. Wengine wanatafuna kidogo, na mimi niko upande wa wanaotafuna, la sivyo umelipia maji ya chumvi. Asiyeweza kula kibichi, kuna kaa, kamba, na samaki wa kukaanga na chipsi. Kwa mtu wa halali samaki ndiyo njia rahisi, ila uliza mambo mawili: mafuta ya kukaangia ni ya mimea au ya ng'ombe, na unga wa kupakia samaki umechanganywa na bia au la. Wanajibu bila kinyongo, wameshazoea kuulizwa.

Kitamu cha Kent kinaitwa Gypsy tart. Maziwa ya kopo yale mazito, yanapigwa pamoja na sukari guru ya kahawia mpaka yanafura na kuwa povu, yanamwagwa ndani ya ganda la unga, yanaingia ovenini kwa muda mfupi. Basi. Watoto wa shule wa Kent wamelishwa hicho kwa miaka na miaka, ukimtajia mzee wa huku atatabasamu. Ni kitamu kupita kiasi, chukua kipande kimoja mle wawili, na chai isiyo na sukari.

Sasa chapati za bure. Shuka Gravesend, kwenye Mto Thames. Kuna hekalu la Masingasinga, Guru Nanak Darbar, lilifunguliwa 2010, nyumba ya marumaru na kuba kubwa, moja ya makubwa ya aina yake nje ya India. Jiko lao la langar linalisha mtu yeyote, dini yoyote, bila kulipa. Hakuna nyama kabisa, kwa hiyo suala la kuchinja halipo. Unavua viatu, unafunika kichwa (vitambaa vipo mlangoni), unanawa, unapokea sahani ya chuma yenye vyumba, unapangiwa dengu, mboga, wali, na chapati unaipokea kwa mikono miwili. Usichukue zaidi ya utakachomaliza. Mara yangu ya kwanza, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akigawa chapati alinisikia nikimwambia mwenzangu "hebu sogea kidogo", akauliza kwa Kiswahili safi, "Nyinyi ni wa wapi?" Mzaliwa wa Kisumu. Alituongezea chapati bila kuuliza, na akatusimulia habari za samaki wa ziwa mpaka foleni ikaanza kulalamika. Masingasinga wengi wa Uingereza walipitia Kenya na Uganda, kwa hiyo chunga unachosema kwa Kiswahili ukiwa kwenye foleni.

Ukishashiba, mwendo mfupi tu lipo kanisa la Mtakatifu George alikozikwa Pocahontas, yule binti wa chifu wa Virginia, aliyefariki hapo Machi 1617 meli yake ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari ya kumrudisha kwao. Sanamu yake iko nje.

Nyali Boy

Haha huyo mama wa Kisumu! Nitaenda. Chaza lakini niachieni, mimi mambo ya kumeza kitu kiko hai sitaki.

Fundi Saa

Wapenzi wa matunda msisahau Brogdale, karibu na Faversham. Pale ndipo inapotunzwa hazina ya taifa ya miti ya matunda, matufaha peke yake aina zaidi ya 2,000. Septemba na Oktoba ndiyo wakati wake. Unaonja tufaha ambalo dukani hutaliona maisha yako yote. Na njugu fulani wanaziita cobnuts, zinauzwa mbichi na ganda la kijani, tamu sana.

Faversham penyewe pana kiwanda cha bia cha Shepherd Neame, wanahesabu kuanzia 1698. Kwa wanaokunywa.

Swali kwa mwanzisha uzi: mbona hujataja jumba la makumbusho la Powell-Cotton kule Birchington? Hilo ndilo lenye Afrika ndani yake.

Kinjeketile Jr

Hilo nalijua, na nimekusudia kutoingia. Mzungu alikuja kwetu na bunduki, akaua tembo, simba, vifaru, akawajaza majani na kuwapanga kwenye vioo, halafu leo mimi nitoe pauni zangu kwenda kutazama wanyama wa nyumbani waliopigwa risasi? Hapana. Nenda Mikumi.

Mkazi wa Medway

Kinjeketile, hoja yako ina uzito na sitaki kuipunguza. Niliiacha makusudi nione nani ataileta.

Kwa wasiojua: Percy Powell-Cotton, mwenye shamba la Quex Park, alifanya misafara mingi Afrika na Asia kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mpaka miaka ya 1930, na makumbusho yake aliyaanzisha 1896. Alioa Nairobi mwaka 1905, wakati Nairobi yenyewe ina miaka michache tu tangu reli ifike, na fungate yake ikawa safari ya kuwinda Kongo. Huko 1906 simba aliyejeruhiwa akamrukia. Koti alilovaa siku hiyo, limechanwa kwa kucha, liko kwenye kabati la kioo, na simba mwenyewe yuko humo humo ndani ya jumba.

Sababu ya mimi kusema mtu aende, angalau mara moja, ni kifaru. Kifaru mweupe wa kaskazini kwa jina la kisayansi ni *Ceratotherium simum cottoni*, na hilo "cottoni" ni Cotton huyu huyu. Mwaka 1908 wataalamu walimtambua mnyama huyo kwa sampuli alizoleta kutoka Lado, eneo la mpakani mwa Uganda, Sudan na Kongo ya leo. Leo wamebaki wawili dunia nzima, Najin na Fatu, mama na mwana, majike wote, wako Ol Pejeta, Laikipia, wanalindwa na askari usiku na mchana. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa hapo hapo Machi 2018. Mimi niliwahi kwenda Ol Pejeta nikasikia habari hiyo kutoka upande wa Kenya. Nilipokuta mwanzo wa jina lile ndani ya nyumba ya tajiri wa Kent, kilomita chache kutoka fukwe za Margate, nilielewa jambo ambalo kibao cha hifadhi hakinielezi: waliompa mnyama jina na waliompunguza wakati mwingine walikuwa watu walewale.

Ujangili wa pembe na vita ndivyo vilivyommaliza zaidi, tuseme ukweli. Lakini usinyamazie bunduki ya kwanza.

Kinjeketile Jr

Sawa. Bado siingii, lakini hoja ya kifaru nimeipokea. Hao ndio wangetakiwa kupeleka kiingilio Laikipia.

Fundi Saa

Hapo mmeongea.

Mama Wawili

Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Nina watoto wawili, mmoja miaka sita na mwingine tisa, makanisa na magofu hawayataki. Watu wananiambia Leeds Castle. Tunakaa Reading, hatuna gari. Nishaurini jamani.

Mkazi wa Medway

Karibu dada. Kwanza angalizo: Leeds Castle haiko mji wa Leeds! Iko Kent, karibu na Maidstone. Kuna watu wameshakata tiketi ya treni kwenda kaskazini mwa nchi. Ni ngome nzuri, imekaa kwenye visiwa viwili katikati ya ziwa, kuna uwanja wa michezo na njia za kupotezana za majani. Watoto watafurahi. Kiingilio ni kikubwa, na bila gari kutoka kituoni lazima utafute usafiri mwingine. Mimi kwa familia isiyo na gari ningekupeleka pengine.

Dover. Ngome yake ni ya kulipia lakini ina thamani ya pesa hasa kwa watoto: mnara mkubwa wa Henry II wa karne ya 12, mnara wa taa uliojengwa na Warumi ambao bado umesimama, na mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba wa chaki. Mwaka 1940 Admirali Bertram Ramsay alikuwa mle mahandakini akiongoza uokoaji wa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wanajeshi zaidi ya 338,000 wakavushwa kati ya 26 Mei na 4 Juni. Huyo wa miaka tisa atapenda mahandaki. Kama hela haitoshi, acha ngome, tembeeni juu ya majabali meupe hadi mnara wa taa wa South Foreland. Njia ni ya bure, upepo mkali, meli zinaingia na kutoka chini yenu. Ukingo hauna uzio na chaki inamomonyoka, kwa hiyo mkono wa mtoto usiuachie. Na zima data kwenye simu: ukishuka St Margaret's Bay simu inashika mtandao wa Ufaransa, unakaribishwa Ufaransa kwa meseji na saa inaruka mbele saa moja nzima. Mwenzangu alikimbilia basi akidhani limemwacha.

Kwa huyo wa miaka sita, kuna treni ndogo ya Romney, Hythe na Dymchurch, inafanya kazi tangu 1927. Reli yake ina upana wa inchi 15 tu, ina injini za mvuke za kweli, ila dereva anakaa kichwa kinachungulia juu. Inakwenda mpaka Dungeness, uwanda wa kokoto unaotisha kidogo, vibanda vya mbao vya wavuvi, mnara wa taa, kituo cha nyuklia kilichozimwa. Watoto wengine wanapachukia, wengine hawataki kuondoka. Fikeni Folkestone kwa treni, halafu basi mpaka Hythe.

Mama Wawili

Hiyo treni ndogo umeniuzia. Na nauli? Tukiwa wanne tutafilisika.

Mkazi wa Medway

Hapana, kata kadi ya punguzo ya familia, Family & Friends, inashusha theluthi moja kwa watu wazima na 60% kwa watoto. Mkiwa hamna kadi lakini mko watatu mpaka tisa, ulizia GroupSave, theluthi moja pia, ila nje ya saa za msongamano. Kadi ya nauli ya London, Oyster, haifiki Canterbury wala Dover, kwa hiyo msigonge mlangoni mkadhani mmelipa, faini yake ni kubwa. Treni ya kasi ya St Pancras ina nyongeza ya nauli. Zile zinazotoka vituo vya Victoria na Charing Cross ni polepole lakini nafuu. Mabasi ya ndani, tangu Januari 2025 safari moja ina kikomo cha pauni 3 kwenye mabasi mengi.

Treni ndogo haiendeshwi kila siku wakati wa baridi, angalieni ratiba yao kabla ya kutoka Reading. Mkienda Jumapili, angalieni pia kama njia haina matengenezo, maana Jumapili huwa wanawapandisha abiria kwenye mabasi na safari inakuwa ndefu mara mbili.

Chausiku87

Kaka, picha bado.